Wi-Fi ya watu wengi: nani aingie, na akiondoka itakuwaje

Ukifungua ukurasa wa mipangilio wa ruta yoyote inayouzwa madukani Mwanza mjini, ukafika sehemu ya ulinzi wa Wi-Fi, utakutana na orodha ya aina hii: Open, WEP, WPA-PSK, WPA2-PSK, WPA2/WPA3, na pengine Enterprise. Fundi anayefunga mtandao kwa kawaida hahangaiki nayo. Anaacha ile iliyokuja imechaguliwa, anaweka namba ya simu ya mwenye duka iwe nywila, anabandika karatasi ukutani, analipwa chake anaondoka. Intaneti inapiga kazi, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Tatizo ni kwamba orodha ile imebana maswali mawili tofauti kwenye mstari mmoja. La kwanza: data zinazopita hewani zimesimbwa namna gani, ili mtu wa pembeni akizinasa asiambulie kitu? La pili: ruta inamtambuaje anayetaka kuingia? Ukiona WEP, WPA, WPA2 au WPA3, unaangalia zaidi jibu la swali la kwanza. Ukiona mkia wa PSK (nywila moja kwa watu wote) au neno Enterprise (kila mtu na utambulisho wake), unaangalia jibu la pili. Mabishano ya mafundi huwa ni juu ya la kwanza. Kinachowaumiza wenye ofisi, gesti na zahanati, kwa maoni yangu, ni la pili.

Swali la kwanza nalo si dogo, hasa katika mji huu. Nyumba za Mabatini, Igogo, Isamilo na Bugando zimepanda vilima, moja juu ya paa la nyingine, zikipenya katikati ya miamba. Ruta iliyowekwa dirishani kule juu inatazamana na mamia ya nyumba za chini bila kizuizi, na mawimbi ya 2.4 GHz yasipokutana na ukuta wala jiwe husafiri mbali kuliko mwenye nayo anavyodhani. Wakati huohuo, ndani ya nyumba hiyohiyo, chumba kilichojificha nyuma ya mwamba hakipati hata mstari mmoja. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema "Wi-Fi yangu haitoki nje ya geti." Simu yako isipoishika nje ya geti, mwenye antena ya kuelekeza anaweza kuishika akiwa amekaa ng'ambo ya bonde.

Vya kutupa

WEP ilikuja na kiwango cha kwanza kabisa cha Wi-Fi mwaka 1997. Ilitumia namba ya kubadilishabadilisha ufunguo yenye biti 24 tu, yaani namba takriban milioni 16.8. Kwenye mtandao wenye shughuli nyingi namba hizo hujirudia, na kila zinapojirudia mnasaji anapata cha kulinganisha. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha udhaifu wa kihisabati unaouweka ufunguo wazi, na kufikia 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walikuwa wanaupata ndani ya dakika moja. Kama una kamera au printa ya zamani isiyojua kingine zaidi ya WEP, usiurudishe mtandao mzima nyuma kwa ajili yake. Ichomeke kwa waya, au achana nayo.

WPA ya kwanza, ya mwaka 2003, ilikuwa kiraka cha kuziokoa ruta za zamani kwa njia iitwayo TKIP, wakati WPA2 yenye usimbaji wa AES ikiandaliwa kwa mwaka uliofuata. Bado utaiona kwenye orodha kama "WPA/WPA2" au "TKIP+AES". Chagua AES peke yake. Hata asiyejali usalama ana sababu: kifaa kikiunganishwa kwa TKIP kinarudi kwenye kasi za zamani zisizozidi megabiti 54 kwa sekunde, kwa sababu kiwango cha 802.11n na vilivyofuata vimeikataa. Kuna watu wanalaumu kampuni ya simu kwa intaneti ya kujikongoja kumbe ni chaguo hilo moja.

Zima pia WPS, ile ya kubonyeza kitufe au kuingiza PIN ya tarakimu nane. Mwishoni mwa 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua PIN hiyo kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi tu. Badala ya majaribio mamilioni, mshambuliaji anahitaji 11,000 kwa wingi wake. Nywila yako hata iwe ndefu namna gani, huyo hata hapiti huko.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mafundi hupenda kuyauza kama ulinzi. Moja ni kuficha jina la mtandao. Simu zilizowahi kuunganishwa hulazimika kulitaja jina hilo zinapoutafuta, kwa hiyo anayesikiliza analipata. Uliyemsumbua ni mgeni wako tu. La pili ni kuandikisha anwani za MAC, yaani namba za utambulisho wa kifaa kwenye mtandao, za simu zinazoruhusiwa. Anwani hizo hupita hewani bila kusimbwa, na kuiga moja ni amri fupi kwenye kompyuta mpakato. Isitoshe, tangu Android 10 na iOS 14 simu zenyewe hutumia anwani za kubuni kulinda faragha ya mwenye simu, kwa hiyo unaweza kujikuta unamfungia nje mfanyakazi wako mwenyewe huku anayejua kuiga anapita.

Namba ya simu kama nywila

Sasa tufike kwenye WPA2-PSK, ambayo ndiyo inayotumika karibu kila mahali, kuanzia duka la dawa la Buhongwa mpaka ofisi za Capri Point. Hapa ndipo panapostahili hesabu.

Simu inapojiunga, yenyewe na ruta hubadilishana jumbe nne fupi za kuhakikishiana kwamba kila mmoja anaijua nywila, bila nywila yenyewe kutajwa. Ni mpango mzuri. Lakini mtu wa tatu akizinasa jumbe hizo, na anaweza kuzilazimisha zitokee kwa kuitoa simu yako hewani kidogo ili ijiunge upya, anaondoka nazo. Akiwa kwake, bila ruta yako kujua lolote, anaiambia kompyuta ijaribu nywila moja baada ya nyingine mpaka ipatikane inayolingana na alichonasa. Kila jaribio linachoshwa kwa makusudi: nywila na jina la mtandao huzungushwa pamoja kwenye fomula mara 4,096 kabla ya kutoa ufunguo. Kuchoshwa huko kunasaidia, ila si kwa nywila yoyote tu.

Chukua namba ya simu. Namba za mkononi za Tanzania zina tarakimu 10, na tuseme zinaanza na 06 au 07. Zinabaki nane, kwa hiyo jumla ya michanganyiko yote ni milioni 200. Kadi ya grafiki ya kompyuta ya kuchezea gemu hujaribu nywila za WPA2 laki kadhaa kwa sekunde. Tuseme laki tano. Milioni 200 ukigawa kwa laki tano unapata sekunde 400, haifiki dakika saba. Ndani ya dakika hizo imepitia namba zote zinazowezekana chini ya vianzio hivyo viwili, iliyopo na isiyopo. Na hapo tumempa mshambuliaji kazi ya bure, kwa sababu mara nyingi namba yenyewe imepakwa rangi kwenye bango la duka, chini ya neno "wakala".

"Mwanza2025", jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, au jina la duka na 123 vina hatima hiyohiyo, maana programu za kukisia huanza na maneno ya namna hiyo. Kinachofanya kazi ni urefu wa kubahatisha. Andika orodha ndefu ya maneno ya Kiswahili (ukichanganya na Kisukuma au Kikerewe ni hiari yako), kisha rusha dadu zikuchagulie maneno manne. Ukichagua kwa kichwa chako utaishia "samaki ziwa mwamba nyumbani", na wa kukisia naye anaishi hapahapa. Orodha ikiwa na maneno 7,776, ambayo ndiyo idadi inayotokana na dadu tano, manne yake yanatoa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,600. Kwa mwendo uleule wa laki tano kwa sekunde, kuimaliza yote ni zaidi ya miaka 200. Mwenye kadi mia moja ataishusha mpaka miaka miwili na ushee. Ukimhofia huyo, ongeza neno la tano na hesabu inazidishwa mara 7,776. Kitu kama "tarumbeta deni kabati mvuke pacha" mhudumu anaweza kumsomea mgeni mdomoni, jambo ambalo huwezi kulifanya na "xK#9$qT2".

Badilisha na jina la mtandao lililokuja na ruta. Kwa kuwa jina linaingia kwenye fomula, majina ya kiwandani yanayorudiwa dunia nzima yameshapigiwa hesabu mapema na watu wenye muda wao.

Ufunguo unaoning'inia msumarini

Tuseme umepata nywila nzuri. Bado ni moja, na inatumiwa na kila mtu. PSK ni kama ufunguo wa choo cha uani kwenye nyumba ya kupanga: unaning'inia msumarini, kila mpangaji anaujua ulipo, na anayehama hakuna anayemuuliza kama alichonga wa kwake.

Hilo lina matokeo matatu. La kwanza halizungumzwi sana: katika WPA2, mtu anayeijua nywila na aliyenasa zile jumbe nne za simu yako anaweza kufungua usimbaji wa simu yako, siyo wa kwake tu. Kwenye mgahawa wenye nywila ukutani, basi, usimbaji unawazuia wapita njia wa Barabara ya Kenyatta, lakini haumzuii aliyekaa meza ya pili na soda yake. Bahati nzuri programu za benki na tovuti nyingi husimba mazungumzo zenyewe kwa HTTPS, kwa hiyo mwenzako haoni salio lako. Anaweza kuona unatembelea tovuti zipi, na hilo kwa wakili au daktari tayari ni siri ya mteja.

La pili ni kutoka. Mfanyakazi akiachishwa kazi, njia pekee ya kumwondoa ni kubadilisha nywila na kuiingiza upya kwenye kila simu, printa, kamera na mashine ya risiti. Kwa sababu ni usumbufu, haifanyiki. Nina hakika zipo ofisi Mwanza ambazo mtandao wake wa ndani bado uko wazi kwa kila aliyewahi kufanya kazi pale tangu ruta ifungwe.

La tatu ni kujua nani alifanya nini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamhukumu anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa, sawa. Lakini jambo baya likifanyika kupitia mtandao wako, njia ya kulifuatilia inaishia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Ukiulizwa ni nani kati ya watu arobaini, kumbukumbu za ruta zitakupa anwani za MAC za kubuni.

WPA3, iliyotangazwa 2018, inatibu sehemu ya haya. Katika mfumo wake wa nywila, uitwao SAE, aliyenasa mazungumzo ya kujiunga hawezi kwenda kukisia kwake. Kila jaribio lazima liongee na ruta yenyewe, moja moja. Pia kuijua nywila hakutoshi kufungua data za jirani alizonasa, hata zile za jana. Watafiti Vanhoef na Ronen waliikuta na kasoro mwaka 2019, viraka vikatolewa. Mimi naona ni chaguo la kuanzia kwa ruta yoyote mpya, kwa angalizo moja: simu nyingi za bei nafuu zilizoko mikononi mwa watu bado hazijui WPA3, kwa hiyo utalazimika kuchagua hali ya mchanganyiko ya WPA2/WPA3. Simu inayoingia kwa WPA2 bado inaacha zile jumbe nne hewani. Nywila ya dadu, basi, bado ina kazi. Na ule usumbufu wa kumwondoa mtu haujaguswa kabisa, kwa sababu ufunguo bado ni mmoja.

Anayeugusa ni Enterprise, kwa jina la kiwango chake 802.1X. Hapa ruta haiamui nani aingie. Inapokea ombi na kulipeleka kwa seva ya RADIUS, ambayo ina orodha ya watumiaji, kila mmoja na jina na nywila yake au cheti chake cha kidijitali. Kila kifaa kinapewa funguo zake za usimbaji, kwa hiyo habari ya meza ya pili inaisha. Mhasibu akiondoka Ijumaa, unafuta jina moja na wengine hawajui kama kuna kilichobadilika. FreeRADIUS ni programu huria ya bure, na kwa ofisi ya watu hamsini inatosha kuendeshwa kwenye kompyuta ndogo iliyokuwa imewekwa stoo.

Mbona basi haijaenea? Kwanza, seva ikizimika hakuna mpya anayeingia, na umeme wetu tunaujua. Bila UPS (betri ya akiba) ya seva na ruta pamoja, usianze. Pili, kuna mtego kwenye njia inayotumika zaidi, PEAP ya jina na nywila. Usalama wake wote unategemea simu kukagua cheti cha seva kabla ya kutoa nywila. Mtu akiweka ruta bandia yenye jina la mtandao wenu, na simu imeelekezwa isikague, simu inakabidhi majibu yanayovunjika, kwani njia ya MS-CHAPv2 iliyomo ndani yake ilishaonyeshwa mwaka 2012 kuwa haihimili. Kwa miaka mingi maelekezo ya kujiunga kwenye vyuo na maofisi yalikuwa yanasema waziwazi "chagua usikague cheti", kwa sababu ndivyo simu inavyoingia haraka. Chaguo hilo lilianza kuondolewa kwenye Android mwishoni mwa 2020, na waliolizoea wakalalamika. Njia imara ni EAP-TLS, ambapo hakuna nywila kabisa, kila kifaa kina cheti. Ila vyeti vina tarehe ya kuisha, na lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuvifuatilia. Zahanati au hospitali inayotunza taarifa za wagonjwa inapaswa kumtafuta mtu huyo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na nywila iliyobandikwa mapokezi si jibu la kumpa mkaguzi.

Kwa walio katikati, mfano ofisi ya watu kumi na tano au gesti ya vyumba ishirini karibu na stendi ya Nyegezi, kuna njia ambayo mafundi wetu wengi hawaitaji: nywila binafsi kwa kila mtu au kila chumba, ndani ya jina lilelile la mtandao. Chapa za UniFi na MikroTik, kwa kutaja mbili zinazopatikana nchini, zinaweza. Mgeni wa chumba namba 6 akitoka, unabadilisha ya chumba namba 6. Haihitaji seva ya RADIUS. Gharama yake ni kwamba kwa kawaida inakubakiza kwenye WPA2, biashara ambayo ningeikubali bila kusita, maana tatizo la gesti ni wageni wanaopita, siyo wanahisabati.

Vocha ni jambo jingine

Mitandao ya vocha, ile ya mia tano kwa siku inayouzwa karibu na hosteli za wanafunzi kule Malimbe na kwingineko, huwachanganya watu kwa sababu inauliza namba, kwa hiyo inaonekana imelindwa. Mara nyingi chini yake ni Open tupu. Ukurasa wa vocha unahakiki kwamba umelipa. Hausimbi chochote. Ukishalipa, mfumo unakukumbuka kwa anwani ya MAC, na mwenzako akiiiga anakula bando lako bila jasho. Mwenye mtandao afanye angalau jambo moja: awashe utenganisho wa wateja, ili simu ya Asha isiweze kuongea moja kwa moja na kompyuta ya Juma. Ruta ikiwa na chaguo la Enhanced Open, liitwalo pia OWE, aliwashe kwa simu zinazolielewa. Linasimba data za kila mteja bila kumwomba nywila. Halimhakikishii mteja kwamba mtandao ni wa kweli, hilo litabaki kazi ya macho yake. Na ukurasa wa vocha unaoomba PIN ya pesa za simu ni wa mwizi. Malipo ya kweli huja kwenye simu yako kupitia kampuni ya simu, na PIN unaiweka huko.

Chochote utakachochagua, tenga mitandao. Kamera, televisheni na mashine za bei rahisi zinazojua WPA2 ya 2.4 GHz tu ziwe na jina lao, wageni na lao, kompyuta za kazi na lao, na ruta izuie la wageni kulifikia la kazi. Ruta nyingi za kisasa zinatoa hili bila malipo ya ziada.

Unaponunua, uliza kama ni Wi-Fi 6 iliyothibitishwa, kwa sababu tangu Julai 2020 kifaa kipya hakipewi cheti cha Wi-Fi bila WPA3. Ya mtumba inaweza kuwa nzuri ikiwa mtengenezaji bado anatoa masasisho. Kama ya mwisho ni ya kabla ya Oktoba 2017, ilipofichuliwa kasoro ya KRACK kwenye WPA2, iache dukani. Na kabla fundi hajashuka ngazi, mwambie akubadilishie mbele yako nywila ya kuingilia kwenye ukurasa wa ruta, ile ya admin na admin, uandike mpya wewe mwenyewe yeye akiwa ametazama kando. Anayeingia pale anabadilisha kila kitu kilichosemwa hapa juu.